Nilivyopeleka Ngazi ya Vyura Karen

Mjomba wangu husafisha mabwawa ya kuogelea ya watu huko Karen na Lang'ata. Kazi hiyo aliianza nikiwa bado shule ya msingi, lakini akirudi kwetu Kaloleni jioni huwa hana mengi ya kusimulia. Basi siku moja ya Februari, kiangazi kikiwa kimekausha hata nyasi za mbele ya ukumbi wetu wa kijamii, alikuja karakanani kwangu kando ya Jogoo Road na kipande cha karatasi chenye vipimo. Alitaka ubao wa futi sita, upana futi moja na nusu, uliopigiliwa vijiti vya kukanyagia kila baada ya inchi mbili.

"Hii ngazi ni ya nani, Mjomba?" nikamuuliza. "Nani huyo mwenye hatua ya inchi mbili?"

"Ya vyura," akanijibu, wala hakutabasamu. "Ya vyura, na kalunguyeye, na mwingine yeyote atakayetumbukia usiku akakosa pa kutokea."

Nimetengeneza vitanda, kabati, benchi za kanisa na majeneza. Sikuwahi kuletewa oda ya mnyama, sembuse wa mwituni. Nikamwambia siwezi kukata mbao za kitu ambacho sijaona kitakapokaa, na kwamba nitakwenda naye nikamalizie kazi huko huko. Mjomba akafurahi. Nadhani alikuwa akingoja niseme hivyo.

Nimezaliwa Nairobi, nimesoma Nairobi, na watoto wangu wanasoma Nairobi, lakini sikuwa nimewahi kufika Karen. Mtu wa Eastlands hana la kumpeleka Karen isipokuwa kazi, na kazi yangu mimi wateja huifuata karakanani. Kwa hiyo ingawa safari yenyewe haifiki kilomita ishirini na tano, usiku wa kuamkia safari nililala kwa mang'amung'amu.

Tuliondoka kabla hakujapambazuka. Makanga wa matatu ya kwanza alitutoza nafasi mbili zaidi kwa sababu ya mbao, tukabishana naye kuanzia City Stadium hadi Muthurwa, tukalipa moja. Tulivuka mji kwa miguu, mimi nimebeba mbao begani na Mjomba mfuko wa vyombo, mpaka kituo cha Railways ambako tulipata gari la Lang'ata Road.

Kulipopambazuka tulikuwa tunapita Uwanja wa Nyayo. Kongoti, wale ndege wakubwa wenye vipara tunaowaona kwenye jalala, walikuwa wamesimama juu ya migunga ya barabarani wakinyoosha mabawa. Hao nilikuwa nawajua. Baada ya uwanja wa ndege wa Wilson nikaanza kuona nisiyoyajua. Upande wa kushoto kulikuwa na uzio, na nyuma ya uzio msitu uliokwenda bila kukatika, na ndani ya gari hakuna aliyegeuza shingo kuutazama. Wengine walikuwa wamelala, wengine wako kwenye simu. Mimi nilibandika uso dirishani.

"Hapo ndipo wanapoishi," Mjomba akasema.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilitengwa mwaka 1946. Nyumba zetu za mawe za Kaloleni nazo zilijengwa katika miaka hiyo hiyo ya 1940, mateka wa vita wa Kiitaliano wakishiriki katika ujenzi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtaa wetu na nyumba ya simba ni rika moja. Mbuga ni ndogo, kilomita za mraba 117 hivi. Ina uzio upande wa kaskazini, mashariki na magharibi, lakini kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, iko wazi ili wanyama waweze kutoka kwenda nyanda za Kitengela. Mvua ikinyesha hutawanyika huko. Kiangazi kikiingia hurudi kufuata mabwawa na mito ya mbugani. Na uzio, jinsi nilivyoelezwa baadaye na mlinzi aliyeishi jirani nao miaka mingi, humzuia yule anayekubali kuzuiwa. Ngiri huchimba akapita chini, na chui hupanda. Watu wa Nairobi hawajasahau mwaka 2016, simba walipotoka mbugani mara kadhaa wakaonekana barabarani na mitaani, mpaka tarehe 30 Machi yule simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk akapigwa risasi kule Isinya, mbele ya umati.

Tulishuka kituo cha Hardy, Karen, tukaingia njia ya vumbi yenye ua wa kayaba pande zote mbili. Kilichonishangaza kwanza ni ukimya. Kaloleni naweza kujua ni saa ngapi nikiwa nimefumba macho: saa ya wanafunzi, saa ya muuza maziwa, saa ya mahubiri ya kipaza sauti, saa ya watu kurudi kutoka kazini. Hapa nilisikia viatu vyangu. Kilichonishangaza pili ni kwamba humuoni mtu. Kwetu nyumba zimepangwa zikizunguka viwanja vya wote, na ukitoka nje ya mlango tayari uko mbele ya jirani. Huku kila mtu ana msitu wake mdogo, na kayaba yenye miiba ya urefu wa kidole, na geti, na nyuma ya geti mbwa. Binadamu wanaonana kwa miadi. Lakini chini ya kila ua niliona vijia vyembamba vilivyokanyagwa vikasuguka, vikitoka shamba la huyu kuingia la yule.

"Nani anapita hapa?"

"Wenyeji," Mjomba akasema.

Kwenye geti la mteja wake mlinzi alituandika kitabuni, akatazama vitambulisho vyetu, akauliza mbao ni za nini. Alipoambiwa alishukuru, na akashukuru kwa dhati, maana yeye ndiye huwakuta asubuhi wanyama waliozama.

Tukazunguka nyumba, nami nikaliona bwawa.

Nitasema kweli: nilisimama. Maji yalikuwa ya buluu, yametulia, jua la asubuhi limeyapiga mpaka nikaona kila kigae cha chini. Mjomba aliniambia ni mita kumi kwa tano na kina cha wastani cha mita moja na nusu. Kichwa changu cha fundi kikapiga hesabu chenyewe: lita elfu sabini na tano, yaani mitungi 3,750 ile ya lita ishirini tunayopanga foleni mifereji ikikauka. Sikuona wivu. Niliona uzuri, na nikatamani mama yangu mzazi, aliyebeba maji kichwani ujana wake wote, aje asimame pale nilipokuwa nimesimama.

Kisha nikachuchumaa karibu. Juu ya maji yale mazuri walikuwapo nyuki kwa makumi, wengine bado wanatapatapa. Jongoo wawili walikuwa wamezama. Mjomba akainua kifuniko cha shimo dogo la pembeni, mahali pampu inapovutia uchafu wa juu, akatoa kikapu. Ndani kulikuwa na majani, mende wa shamba, mjusi, panya mdogo, na vyura watatu. Wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu alikuwa amebaki na pumzi, Mjomba akamweka kwenye kivuli cha majani yenye umande, akarudi kazini bila neno. Hivi ndivyo huanza siku yake kila siku, na sisi nyumbani hatukuwahi kujua.

Nilimuuliza swali ambalo naamini kila mtu wa kwetu angeuliza. Chura si anajua kuogelea? Anakufaje majini?

Mjomba akaniambia nishuke vidato vya chuma nipapase ukuta wa bwawa, hapo juu ya usawa wa maji. Ulikuwa laini kabisa, umesimama wima, na ukingo wake umetokeza nje kidogo. Ikanijia mara moja: ni kombamwiko aliyeanguka ndani ya sufuria. Mto una kingo na ziwa lina ufuko, hata dimbwi la barabarani lina mahali linapokwisha polepole. Bwawa la kuogelea ni maji yasiyo na pa kutokea ila kwa mwenye mikono ya kushika chuma. Mnyama huja usiku kunywa, hasa kiangazi kama hiki. Mguu ukiteleza, huogelea kufuata ukuta, mzunguko baada ya mzunguko, akitafuta mahali pa kupandia, mpaka baridi na uchovu vimmalize. Chura ana balaa la ziada, kwa sababu hupumua na kunywa kwa ngozi, na klorini inayoua vijidudu majini humwingia moja kwa moja.

Mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyestaafu, alitoka akatukaribisha chai. Nilidhani tutaletewa vikombe kule nyuma. Aliweka meza kwenye kivuli, tukakaa sote watatu, na chai ilikuwa ya maziwa, imechemka sawasawa.

"Fundi," akaniambia, "kiangazi cha mwaka jana tuliopoa digidigi hapa asubuhi, jike, na tumboni alikuwa na mtoto. Tangu siku hiyo nalala vibaya."

Alikuwa ametafuta habari. Marekani kuna mtaalamu wa wanyamapori, Rich Mason, aliyebuni kifaa kinachoelea chenye mteremko, kiitwacho FrogLog, ambacho chura na panya hupandia wakatoka. Lakini kifaa hicho ni cha wadogo, na huku wanaotumbukia ni wa kila kimo. Ndipo Mjomba akamwambia ana mpwa seremala.

Akatusimulia pia kisa cha Solly, kiboko mchanga wa Afrika Kusini. Agosti 2012 alitumbukia katika bwawa la kuogelea la hoteli moja ya mbugani, jimbo la Limpopo, akakwama humo siku kadhaa. Daktari hawezi kumpiga mnyama sindano ya usingizi akiwa majini, maana akilala tu anazama. Kwa hiyo walianza kupunguza maji ili wamlaze na kumnyanyua kwa kreni. Alikufa kabla hawajafanikiwa. Kisha mama akanyoosha mkono kuelekea mashariki, upande wa mbuga, akasema kuwa kule kuna kituo cha Sheldrick, wakfu ulioanzishwa mwaka 1977, na kwamba baadhi ya watoto wa tembo waliolelewa pale waliopolewa kutoka visima vya wafugaji. Mtoto wa tembo, aliyekwenda kunywa maji, akatumbukia. Nilikaa na kikombe changu nikimfikiria yule mama tembo akiwa juu ya kisima.

Kazi yenyewe ilinipa somo la ufundi. Miaka yote nimelipwa kulainisha: randa, msasa, vanishi, mpaka mteja apitishe kiganja aridhike. Hapa kila ulaini ni adui. Mbao za saipresi niliziacha na makovu ya msumeno, sikupaka rangi wala dawa ya mchwa kwa sababu sumu ingeingia majini na kwenye nyayo za wanyama. Juu nikapigilia mkeka wa makumbi, ule wa kufutia miguu mlangoni, ili kucha zishike. Kichwa cha ngazi kilikaa juu ya ukingo na kufungwa kwa kamba ya nailoni, na mkia nikaufungia jiwe uzame chini ya maji, kwa sababu mnyama aliyechoka hawezi kujinyanyua kutoka majini. Anahitaji kuanza kutembea angali ndani. Mjomba alichagua pembe ambayo maji yanasukumwa kuelekea kwake pampu ikifanya kazi, na akasisitiza ubavu wa ngazi ugusane kabisa na ukuta. Anayefuata ukuta lazima aikwae. Ukiiweka katikati, ataipita.

Gari la mwisho lilikuwa limetupita, tukalala chumbani kwa mlinzi, nyuma ya nyumba kubwa. Nilikuwa nimehurumia ukimya wa watu wa Karen mapema mno. Saa tatu usiku mti wa nje ya dirisha ulipasuka kwa kelele: mlio wa kukwaruza, kisha mayowe yaliyopanda na kupanda mpaka nikaruka nikakaa kitandani. Kwetu sauti ile ingetoa watu wote nje na marungu. Mlinzi alikuwa anamenya viazi. "Perere," akasema. Mnyama mwenyewe ni mdogo, anafanana na sungura asiye na masikio marefu, anaishi mitini, na wataalamu wanasema ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Baadaye sana, mbali, nikasikia mngurumo mwingine, mzito, wa kukatika-katika. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani. Nilifurahi mno hata usingizi ukakimbia. Maisha yangu yote nimelala katika mji mmoja na simba, na usiku huo ndio kwanza namsikia.

Tukakesha tukizungumza. Mlinzi alisimulia ngiri aliyetumbukia nyumba ya tatu kutoka pale. Watu walikusanyika, mbwa wakabweka, kila mmoja akaleta fimbo ya kumsukuma, na ngiri kwa hofu akawa anarudi kwenye kina. Walipofika askari wa shirika la wanyamapori la KWS, ambao makao yao makuu yako pale pale Lang'ata Road, jambo la kwanza walilofanya ni kufukuza watu na kufungia mbwa. Kisha wakateremsha milango miwili ya zamani upande wa kina kifupi, wakatandika magunia, wakafungua geti, wakajificha. Ngiri alipanda mwenyewe, akatoka na kukimbia. Na Mjomba akanionyesha kovu kidoleni ambalo mimi nilidhani ni la wembe. Nguchiro alimng'ata alipomtoa kwa mkono mtupu, zamani, kabla hajajua. Alioshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, akapelekwa hospitali kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Sasa hagusi mnyama yeyote ila kwa wavu wenye mpini mrefu na glavu nene. Nyoka hamgusi kabisa: humwachia njia, hukaa mbali, na asipotoka huita wanaojua.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza bwawani. Mkeka wa makumbi ulikuwa umelowa mpaka juu, na kwenye kijiti cha tatu alikuwa amekaa chura mnene wa kahawia, koo likipiga. Nilimwita Mjomba kwa sauti ambayo pengine haikufaa mtaa ule. Nimekabidhi kabati kwa maharusi wakashangilia, lakini sikumbuki kufurahia kazi ya mikono yangu kama nilivyoifurahia pale.

Katika pembe ya mkabala, mbali na ngazi, kulikuwa na kitu kinachoelea. Kalunguyeye. Miiba imelala, pua tu iko juu ya maji, miguu inasukuma polepole sana ukutani. Mjomba alimpitishia wavu chini, akamnyanyua taratibu, maji yakachuruzika. Alikuwa wa kuenea kiganjani, anatetemeka. Tukamkausha kwa taulo kuukuu, tukamweka ndani ya boksi lenye vitambaa vikavu, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa soksi pembeni yake. Nikataka kumletea maziwa. Mjomba akakataa: tumbo la kalunguyeye haliwezi maziwa, yatamharisha mpaka afe. Maji kidogo kwenye kifuniko cha chupa, na giza, na kuachwa. Basi.

Nilimtazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilifikiria watoto wangu, na watoto wote wa uwanja wetu Kaloleni ambao mnyama wa mwituni wamemwona kwenye noti na vitabu tu, na nikamwambia Mjomba kwamba ningetamani kuwapelekea wamwone hata kwa siku moja.

"Sheria haikuruhusu, mwanangu," akasema. "Kwa ile ya 2013, kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa. Na hata isingekuwepo, huyu ana mke wake hapa kwenye kayaba."

Mama mwenye nyumba alipoona kalunguyeye amepatikana pembe isiyo na ngazi, hakuuliza gharama. Nilikuwa na mbao zilizobaki, nikashinda kutwa nikitengeneza ya pili. Nikaifanya pana zaidi kidogo, na mteremko wake wa taratibu zaidi, kwa sababu yule mnyama nilikuwa nimeipima miguu yake kwa macho: mifupi, na tumbo linakaribia kugusa chini. Jioni jua lilipozama Mjomba alilaza boksi ubavu chini ya ua. Tuliondoka tukarudi nyuma. Ilichukua muda, pua ikatoka, na baada ya hapo akaenda kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa miguu ile.

Tulikuwa getini tunaaga mlinzi alipokuja mwenzake wa nyumba ya tatu, ile ya ngiri, ametumwa. Tajiri wake alisikia habari za ngazi na anataka moja. Tukaenda. Bwawa lao ni kubwa zaidi, na kando yake niliona kwato zimechora udongo mbichi. Nilipima kwa futikamba, kisha nikamweleza ukweli. Kwa vyura na kalunguyeye nitamtengenezea mbili za mbao, bei ile ile. Lakini ngiri mkubwa hupita kilo themanini kwa urahisi, na akipanda kwa hofu atazivunja zote. Kwake yeye panatakiwa vidato vipana vya mawe katika kina kifupi, vilivyoachwa na ukwaruzo, na hiyo si kazi ya seremala. Nikamwambia Makongeni kuna mwashi ninayemwamini. Akauliza anaweza kuja lini. Nikapiga simu pale pale, tukakubaliana Jumatatu, na Mjomba akaniazima kalamu niandike vipimo.